Mwaka Nilipopelekwa Gitega Kuona Matunda

Shangazi Mwajuma tulimzika Ijumaa, na Jumapili wageni wa Gitega wakafika kwa hitima. Wengine walileta mchele na sukari, wao walileta gunia la maracuja, yale matunda ya pasheni, wakaliweka uani karibu na masufuria, na uani kote kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, kukanukia maracuja kana kwamba marehemu bado yuko jikoni anakamua. Kati yao alikuwepo bibi mmoja ambaye macho yake yamekwisha, anashikwa mkono. Alinipapasa uso kuanzia kwenye paji hadi kwenye kidevu, akasema, “Huyu ni Zaina. Alilala kwangu ule mwaka wa mafuta ya chupa.” Wanawake waliokaa mkekani wakageuka. Mmoja akauliza, “Mama Hadija, Gitega walikuja kufanya nini na vita ile?” Mama Hadija akacheka, meno hana. “Walikuja kutembea.” “Kutembea! Mwaka ule!” Wote wakaniangalia, wanangoja nieleze. Nikaenda kuangalia wali, ingawa wali ulikuwa umeshaiva. Mimi kueleza jambo kwa mdomo bado kunanishinda. Afadhali niandike, japo naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la sita.

Tuliuita mwaka wa mafuta ya chupa kwa sababu nchi ilikuwa imewekewa vikwazo, na petroli ilikuwa ikiuzwa pembeni mwa barabara kwenye chupa za bia. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mimi na Shangazi tulilala chumba kimoja, kitanda tumekisukuma hadi ukuta wa ndani, mbali na dirisha, kwa sababu risasi ilikuwa imepita kwenye dirisha la jirani ikatoboa kabati la vyombo. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo, vichujio, na chupa zilizooshwa zimepinduliwa. Godoro lenyewe lilikuwa limenyonya harufu ya maracuja. Kila asubuhi tulikata, tukakwangua, tukakamua, tukachuja, halafu tukabeba ndoo hadi Rohero, karibu na soko kuu, kuwauzia watu wa ofisini juisi. Shangazi ndiye aliyeita wateja. Mimi niliosha bilauri. Pale uani waliniita Bubu wa Mwajuma, na sikukasirika, kwa sababu ukiitwa bubu hakuna anayekulazimisha kujibu. Sikuwa bubu. Maneno yalikuwepo, yalikuwa yakifika hapa kwenye koo, halafu yanakaa. Hata leo sijui yalikuwa yanasubiri nini.

Jambo lililobadilisha mwaka huo lilitokea barierini. Siku moja Shangazi alikuwa na homa, nikaenda Rohero peke yangu. Wakati wa kurudi nikakuta kamba imevutwa barabarani na wanajeshi wawili. Upande wa mtaa wa Kamenge milio ya risasi ilikuwa inasikika tangu mchana. Mmoja akaniuliza jina. Nikakaa kimya. Akauliza naenda wapi. Kimya. Akauliza kwa Kirundi, kisha kwa Kifaransa, kisha akaacha kuuliza, akaninyooshea kidole nikae chini pembeni, pamoja na vijana wengine wawili waliokuwa wamekalishwa pale. Nilijua jina langu. Nilijua naenda wapi. Nilikaa na ndoo mapajani mpaka muuza mandazi mmoja wa Buyenzi, mama mwenye sauti kubwa, akapita na kuanza kupiga kelele: “Huyu ni mutoto wetu! Ni wa Mwajuma wa jus! Hasemi hata na mama yake, atasema na we?” Wakacheka, wakaniacha niende. Wale vijana wawili sikuwaona wakiinuka. Niliporudi nyumbani sikusema kitu, lakini muuza mandazi alikuwa ameshasema yote, mpaka na yale ambayo hayakutokea. Shangazi alinitazama kwa muda mrefu kutoka kitandani. Hakunigombeza. Akageukia ukuta.

Baada ya wiki chache akatangaza kwamba tunaenda kutembea. Nilidhani homa imerudi. Alimtangazia Shabani, fundi magari wa mtaa wetu, aliyekuwa na pikapu ya Toyota ambayo mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. “Tunapanda juu,” Shangazi akasema. “Muramvya, Gitega. Huyu mutoto amekamua maracuja maisha yake yote na hajaona yanaota wapi. Aone mashamba. Aone na miji ya wafalme.” Shabani akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu zaidi ya mikono yenyewe. “Da Mwajuma, watu wanakimbia, we unatembea? Konvoa ni ya wenye shida.” “Na mi niko na shida.” “Shida gani?” “Shida ya kutembea.” Shabani akanigeukia. “We Zaina, umemuelewa shangazi yako?” Nikatikisa kichwa. “Basi tuko wawili,” akasema, lakini alikubali, maana kule juu angepata viazi na mkaa wa kuleta mjini. Mimi nilichoelewa ni hiki tu: Shangazi, ambaye hakupenda hata kuvuka mto kwenda mtaa wa pili, anataka tuonyeshwe mashamba, nchi inawaka. Nilimuona akikunja kanga mbili mpya na kuzificha chini ya begi. Nikajiuliza kanga mpya za kuvaa shambani ni za nini.

Konvoa, kwa asiyeijua, ni msafara. Barabara ya kwenda juu ilifunguliwa asubuhi tu, magari yote pamoja, wanajeshi mbele na wanajeshi nyuma, na aliyeharibikiwa njiani alikuwa na Mungu wake. Tulibanana watatu mbele, mimi katikati. Shabani alitania mpaka kwenye kona za kwanza, kisha akanyamaza, na Shangazi akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini akiirudia. Ukungu ulishuka. Nyumba kando ya barabara hazikuwa na mabati. Pale Bugarama njiani, wanawake walikimbilia madirisha na karoti na vitunguu vya majani, wanauza kwa haraka kama wanaogawa. Tulipofika Muramvya barabara ikawa na utulivu kidogo, na Shangazi akaamuru Shabani asimame. “Shuka uone. Hapa walikaa wafalme.” Nikatazama. Kulikuwa na kilima, nyasi, na miti mikubwa ya zamani imesimama duara, kana kwamba inangoja boma lirudi katikati yake. “Umeona?” Shangazi akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akatoa kitambaa chenye maji, akanifuta uso, akanipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, akanifunga kanga mpya na kunivalisha mtandio ambao sikuwa nimewahi kuuona. Wafalme wamekufa zamani, nikawaza, anamrembeshea nani?

Nyumba ya Mama Hadija ilikuwa katika mtaa wa Waswahili wa Gitega, nyumba ndefu ya matofali, na sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa. Tulipewa maji ya moto ya kuoga, tukapewa wali na nyama ya mbuzi na maharage ya siagi ya ng'ombe, na baada ya chakula vipande vya parachichi vilivyotiwa sukari. Nyumbani tulikuwa tumeshasahau nyama. Jambo lililonishangaza zaidi ni kimya cha nje. Mbwa alibweka, hakuna aliyeinamisha kichwa. Mama Hadija, wakati ule bado anaona, alinikagua kila nilipopita na sinia, akasema kwa Shangazi, sio kwangu, “Anatembea muzuri. Hakokoti miguu.” Shangazi akajibu, “Na kazi anafanya bila kusukumwa.” Nikafikiri wanazungumza hivyo kwa sababu kuna kazi ya kuvuna.

Kesho yake tukatembezwa. Aliyetutembeza ni kijana aitwaye Hamisi, mrefu, shati limepigwa pasi hadi mistari inakata. Alikuwa na fimbo nyembamba mkononi, na kila alichokionyesha alikigusa kwa ncha yake. Akatuonyesha boma la Wajerumani kwa mbali, kwa kuwa huruhusiwi kusogea. Akatuingiza kwenye nyumba ya makumbusho, ambako mlinzi alifungua mlango akitushangaa kama tumetoka mwezini. Ndani kulikuwa na mikuki, vikapu vyenye vifuniko vya ncha, na picha za watu wa zamani wanaotazama bila kucheka. Hamisi alieleza kila kitu akiniangalia mimi, kisha anaangalia chini, kisha ananiangalia tena. Mbele ya ngoma moja kubwa akasema, “Hii ilikuwa haipigwi ovyo. Mpaka mfalme atake.” Akapaliwa na mate. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba ndiyo kazi yake, kutembeza wageni, na kwa kuwa vita imemaliza wageni, basi leo amefurahi kupata wawili. Nikamuonea huruma. Nikamvuta Shangazi kanga na kumnong'oneza, “Tutamlipa?” Shangazi akajifunika mdomo na mtandio, mabega yakamtikisika mpaka tukatoka nje.

Mchana tukaenda shambani kwao, mteremko mmoja nje ya mji. Hapo sitasema uongo, nilifurahi. Nilikuwa nimekata maracuja tangu nikiwa mtoto, na sikuwa nimewahi kujua kwamba kabla ya kuwa tunda linakuwa ua la namna ile: jeupe, limezungukwa na nyuzi za zambarau, katikati kimesimama kitu kama saa ya mkononi iliyofunguliwa. Miti yake ilikuwa imetambaa juu ya waya na vijiti, unapita chini yake umeinama. Hamisi akainua tawi kwa fimbo nione vizuri. “Linakaa siku moja,” akasema. “Kesho litakuwa limenyauka. Lakini tunda linabaki.” Nikatamani kuuliza nani anaamua lipi litabaki na lipi litaanguka. Neno likafika kwenye koo. Akangoja. Nadhani ni mtu wa kwanza katika maisha yangu aliyewahi kungoja hivyo, bila kunimalizia sentensi. Kisha Mama Hadija akatuita, tukaenda kuchuma.

Jioni ile, kabla ya Magharibi, sebule ikajaa. Mzee mmoja mfupi, mwalimu wa madrasa, ambaye wote walimuita Maalimu, alikaa kwenye kochi kubwa na mbele yake sinia la matunda tuliyochuma, maracuja na machungwa. Nikaitwa. Nikapiga magoti kwa adabu. Maalimu akaniangalia kwa upole, akasema, “Mwanangu, umetembezwa, umeona, umeonja. Moyo wako umeridhika?” Mimi nikafikiri, anauliza matunda. Na jibu nilikuwa nalo: yameridhisha, isipokuwa machungwa yana mbegu nyingi. Lakini watu walikuwa wengi, na mlangoni amesimama yule mtembeza wageni na fimbo yake, kwa hiyo nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikainamisha uso. Sebule ikatulia. Maalimu akasubiri kidogo, akasema, “Alhamdulillahi. Mwari akinyamaza amekubali.” Wakainua mikono kwa Fatiha, na wanawake wakapiga vigelegele. Nikajua Shangazi amepata bei nzuri ya maracuja. Nikafurahi pamoja nao.

Asubuhi ya siku iliyofuata Mama Hadija alinishika mkono akanipeleka chumba cha mwisho. Kulikuwa na kitanda kipya, bado kinanukia vanishi, chandarua kimefungwa fundo juu yake. “Hii ndiyo chumba yenu,” akasema. Yenu. Nikafikiri mimi na Shangazi tunahamishiwa huku tulale vizuri. Nikatazama kitanda, nikaona mito miwili imefumwa herufi, mmoja Z na mwingine H. Nilisimama pale nikisoma herufi mbili kwa muda ambao mtoto wa darasa la sita angesoma ukurasa mzima. Kisha nikarudi nyuma hatua kwa hatua hadi ukutani, na kupitia dirisha la uani nikamsikia Shangazi anaongea na Mama Hadija, aliyekuwa ametoka kwenda kuchochea moto.

“Hamisi wako ni kijana mupole, hilo nimeliona,” Shangazi alikuwa anasema. “Lakini hata angekuwa na kilema ningekuletea. Kule kwetu wanakuuliza jina lako njiani. Mutu anayejua kuongea anapona, anayejua kupiga kelele anapona. Huyu wangu hasemi, Mama Hadija. Siku ile walimukalisha chini na ndoo yake. Siku mi sipo, na muuza mandazi hapiti, nani atamusemea?” Nikasikia anapenga kamasi. “Hapa hakuna anayemuuliza kitu. Abaki hapa.” “Na yeye anajua?” Mama Hadija akauliza. “Amenyamaza mbele ya Maalimu, si ulimuona?” “Nilimuona. Lakini ni mutu wa kunyamaza.” “Basi,” Shangazi akasema, “kimya chake kimusaidie mara moja katika maisha.”

Nimelifikiria neno hilo miaka yote hii. Ningependa kusema kwamba nilikasirika, ingekuwa rahisi kuandika. Lakini ukweli ni kwamba nilichanganyikiwa kiasi kwamba sikujua hata pa kuweka mikono. Alikuwa ananiuza au alikuwa ananificha? Hamisi simtaki, au simjui tu? Nilipenda nyama ile, nilipenda mbwa anayebweka bila watu kulala chini, nilipenda lile ua. Kulala kwenye mto wa herufi Z, hilo sikuwahi kuulizwa. Na nilijua sheria, kila msichana wa madrasa anaijua: asubuhi ya ndoa mwozeshaji anakuja mlangoni na mashahidi, anauliza tena, na nikinyamaza tena, imefungwa.

Ndoa ilipangwa asubuhi ya konvoa, ili Shangazi aone kwa macho yake halafu awahi safari. Nilikaa kwenye kile kitanda kipya, nimefunikwa mtandio, harufu ya ubani inanikaba. Uani Shabani alikuwa anapakia viazi na magunia ya maracuja huku akilalamika kwamba magari yameanza kupanga mstari. Maalimu akafika mlangoni na mashahidi wawili. Akataja jina langu, la baba yangu, jina la Hamisi, na mahari. Akauliza, “Umeridhia?” Nikaona miguu yao tu, chini ya ukingo wa mtandio. Miguu ya Maalimu ikangoja, kisha ikaanza kugeuka kwenda.

“Maalimu,” nikasema.

Ikasimama.

“Juzi niliulizwa matunda.”

Mtu mmoja huko uani akacheka, na ninaapa alikuwa Hamisi mwenyewe. Wengine wakafuata. Shahidi mmoja alishika fremu ya mlango. Maalimu hakucheka. Akachuchumaa pale kizingitini, magoti yakalia. “Sawa, mwanangu. Kosa ni langu, nilizunguka sana. Leo nakuuliza mutu. Hamisi huyu, unamutaka?”

Nilitafuta ndani yangu kote. “Sijui,” nikasema.

Wakaanza kubishana juu ya kichwa changu. Shahidi wa kwanza akasema, “Hajakataa. Anayekataa anasema apana.” Wa pili akasema, “Lakini hajanyamaza.” “Basi ni nusu.” “Ndoa ya nusu umeiona wapi we?” Shangazi alikuja mbio akisema mtoto ana aibu, mtoto anaogopa, aulizwe tena. Maalimu akainua mkono. “Mama, angenyamaza ningepokea. Angelia ningepokea, wengi wanalia. Lakini amefungua kinywa akaniambia hajui. Siwezi kumufungia mutu ndoa juu ya hajui.” Nje honi ya Shabani ikalia mara mbili, ndefu. “Da Mwajuma! Bibi harusi au si bibi harusi, konvoa haingoji!”

Hamisi alioa mwaka uliofuata, msichana wa Ngozi. Mimi nilikuja kuolewa Buyenzi, baada ya miaka mingi, na mtu aliyenichosha na kunifurahisha kwa kiasi sawa. Nayaandika hayo hapa ili msomaji asihangaike, kwa sababu siku ile hakuna aliyeyajua. Ndani ya pikapu, tukirudi, Shangazi alitazama dirishani upande wake. Hata Ayatul Kursiy hakuisoma, au aliisoma moyoni.

Tulikuwa tumeshapita Bugarama, tunateremka, wakati gari la tatu mbele yetu liliposimama ghafla, na kabla sijaelewa kwa nini, nikasikia risasi. Si mbali kama ule mlio wa Kamenge. Hapa hapa. Shabani alikata kamba ya mlango kwa kisu, akatuvuta, tukaanguka mtaroni kwenye matope na majani ya mikaratusi. Shangazi akanilalia. Alikuwa mwanamke mzito, na uzito wake wote aliuweka juu ya mgongo wangu, kiwiko chake juu ya kichwa changu. Gunia moja lilikuwa limepasuka kwenye pikapu, na maracuja yakaanza kuteremka barabarani moja moja, yanadunda, yanapita mbele ya pua yangu, yanaendelea kwenda Bujumbura bila sisi. Sikioni mwangu Shangazi alikuwa anasema jambo moja tu, analirudia kama alivyorudia aya: “Ungebaki, mwanangu. Ungebaki kule. Ungebaki.”

Ilipotulia, wanajeshi wakapita wakipiga mabodi ya magari kwa viganja, wakituamuru turudi ndani. Mbele kulikuwa na lori limeegemea mlima, na watu wanafunika kitu kwa turubai. Shabani hakuweza kuwasha gari mara ya kwanza wala ya pili. Shangazi alikaa na matope kwenye mtandio wa harusi ambao haukuwa wa harusi. Hakunifuta uso. Alinigeukia, akanitazama kama siku ile kutoka kitandani.

“Gitega barabara bado iko wazi,” akasema. “Shabani atageuza, tuunge konvoa inayopanda. Sasa unajua?”

Nilitazama barabara ya juu, nikatazama ya chini. Zote zilinitisha kwa kiasi kimoja. Neno lilikuja, na halikukaa kwenye koo.

“Bado sijui, Shangazi.”

Injini ikawaka. Shangazi akakamata kile kipande cha kamba kilichobaki mlangoni akakishikilia kwa mikono miwili ili mlango usifunguke njiani.

“Teremsha gari, Shabani,” akasema. “Twende nyumbani. Atajulia huko huko.”